Wiski Aliyoionja Mzee Anselm Kule Matongo

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Meneja wa hoteli hii, wachungaji, wazee wangu shikamooni, ndugu wageni waalikwa na wafanyakazi wenzake Mzee Anselm: nawasalimu nyote.

Mimi ni Waisiko, mama wa grosari kutoka Matongo. Mmeniomba nimuage mtu aliyetunza baa ya watalii hapa Ikoma hadi nywele zikageuka rangi. Wengine wamesifu uaminifu wake. Mimi nitasema kuhusu hofu, maana siku niliyoogopa kuliko zote nilikuwa naye.

Ulikuwa mwaka ambao duara la kaka yangu Nashoni, shimo lake la machimbo, lilitema dhahabu. Pesa zilikuja kabla ya akili. Nashoni akataka kufanya sherehe, na mfanyabiashara mmoja akamletea katoni ya wiski ya Uskochi, iliyokaa kwenye pipa miaka kumi na minane, kila chupa kwa bei ya mtamba. Je, kuna kinywaji cha kulipia ng'ombe? Na nani kati yetu angejua, sisi tuliozoea gongo? Wiki ile ile tulikuwa tumesikia watu wa ng'ambo ya mpaka wamezikwa kwa pombe ya kughushi. Nikamfuata Mzee Anselm.

Alifika mchana, wageni wakiwa wameshakaa uani. Akamimina kidogo, akanusa bila haraka, akatia tone la maji, akaonja.

"Hii ni ya kweli," akasema. "Bei ni kubwa, lakini si ya wizi. Atakayekaa nayo taratibu ataipata thamani yake. Atakayeigugumia ametupa mtamba wake."

Nashoni akatoa pesa. Mzee Anselm akamshika mkono. "Sasa fungua ile ya katikati."

"Si umeshaonja?"

"Nimeonja moja, mura, kijana wangu. Wewe unanunua katoni."

Mfanyabiashara hakupenda. Vijana wake wawili wakasogea mlangoni, na mmoja alikuwa na panga. Mzee Anselm alilitazama lile panga mara mbili kabla ya kukagua kizibo. Akanusa. Safari hii hakuonja. Akaisukuma glasi kwa mwenye mali.

"Kunywa wewe kwanza."

"Mimi nimeokoka," yule akajibu. "Sinywi."

"Basi anywe kijana wako."

Hakuna aliyesogea. Ndugu zangu, mmewahi kusikia chumba kizima kikikataa glasi moja? Yule mtu akafunga katoni, akaipakia kwenye gari, akaondoka. Hatukumzuia; tuliliogopa lile panga. Mpaka leo sijui chupa zile zilinywewa wapi, wala na watoto wa nani.

Nilianza kupumua. Ndipo mume wangu Kornelio, aliyekuwa amesaidia kushusha mzigo, akaniita pembeni.

"Mama Mokami, mimi nilionja moja kule nyuma. Kikombe kizima."

Nikamwita Mzee Anselm kwa kelele. Alimwingiza kwenye gari la hoteli, akaendesha hadi hospitali, mimi nyuma nikimshika mume wangu kichwa. Asubuhi jua lilijaa wodini, na Kornelio akasema, "Fungueni basi madirisha." Yalikuwa wazi yote.

Aliishi. Macho hayakurudi. Lakini waliokuwa uani siku ile walirudi kwao wote wakiwa wazima, na baadhi yao wamekaa humu ndani, wanajijua.

Mzee Anselm, watu husema kazi yako ilikuwa kuwamiminia wazungu. Mimi nasema ulikuwa na hofu kama sisi, na ukaifanya kazi yako ukiwa nayo.

Tulipoingia ukumbini leo, Kornelio aliniuliza kama umezeeka. Nikamwambia, ndiyo, sana. Akatikisa kichwa.

"Wewe ndiye unayemwona mzee," akasema. "Mimi uso wake ni wa mwisho mwisho niliouona vizuri, na bado ni kijana."

Nawashukuru kwa masikio yenu. Mungu awarudishe nyumbani salama.