Dada Yetu Rubani, Aliyeandikiwa Kwamba Alinyamaza

Ndugu, jamaa na majirani, anayewasomea ni kaka mkubwa wa marehemu, na mtamvumilia, maana mengine humu yanamhusu yeye mwenyewe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitinda mimba kati ya watoto wanne, na kwa vile alianza kuongea kabla hajatembea, mama alimpachika jina la Redio. Wageni walipokuja, kaka yake ndiye aliyetumwa kuizima hiyo redio, kwa kumfinya chini ya meza, kwani nyumbani kwetu mdogo hakuruhusiwa kumsahihisha mkubwa, hata mkubwa akikosea kuhesabu vikombe mbele ya macho yake.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1993 hadi 1999, akamaliza sekondari 2005, akaingia chuo cha urubani Januari 2007, akahitimu 2009 akiwa wa pili darasani, na tarehe 1 Juni 2010 akaajiriwa na kampuni ya ndege kuwa rubani msaidizi. Huko alikuta adabu ile ile ya nyumbani: rubani mkuu aliyemlea kikazi, ambaye wote walimwita Mzee, alibebewa mkoba hadi ndegeni, na msaidizi mwenye neno alilizungusha kwanza kama anayeomba chumvi kwa jirani.

Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa na fundi wa ndege wa karakana ya hapo hapo kazini, wakajaliwa binti mwaka 2017 na mvulana mwaka 2020. Miaka hiyo kampuni, ikitaka kubana mafuta, iliagiza mitambo ndiyo irushe ndege karibu safari nzima, hata dada akawa anamtania mumewe kwamba usukani pekee anaoushika sawasawa ni wa gari lao bovu.

Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, saa nne asubuhi, wakikaribia kutua, Mzee alipunguza nguvu ya injini akiamini mtambo wa kulinda kasi utaiongeza wenyewe, kumbe ulikuwa umezimika, na dada naye, aliyezoea mtambo kumtangulia, alipoteza sekunde za mwanzo akiusubiri. Ndege iligonga ardhi kabla haijafika kwenye njia ya kurukia, abiria wote wakatoka hai, dada akavunjika uti wa mgongo.

Wiki tatu baadaye Mzee, yule yule aliyekuwa akimwita mwanangu, aliandika kwenye ripoti ya ajali kwamba msaidizi wake alikaa kimya mpaka mwisho, kampuni ikatia saini, magazeti yakadaka. Jamani, inauma! Dada alitaka kujibu, akiwa amelala chali hospitalini, na aliyemzuia ni huyu huyu anayesoma, akimwambia aachane naye, yule ni mtu mzima, ukweli utajitokeza wenyewe. Dada aligeuzia uso ukutani, na hakuomba tena kuletewa kalamu.

Alifariki Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, saa moja asubuhi, baada ya damu iliyoganda kupanda kwenye mapafu, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Juzi wachunguzi walimkabidhi mumewe maandishi ya kinasa sauti cha ndege, nasi tunayasoma kama yalivyo. “Mzee, naona kasi kama inashuka kidogo.” Sekunde sita. “Samahani Mzee, sijui kama umeiona hiyo kasi.” Mzee akajibu, “Itajirekebisha, mwanangu.” Sekunde tano. “Mzee, nakuomba, ongeza.”

Alisema mara tatu, tena kwa adabu tuliyomfunza sisi, na ambayo Mzee aliifaidi kwa miaka kumi na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa, majirani mliowalaza watoto kwenu, na marubani wasaidizi mliokuja na sare ingawa kampuni iliwakataza. Kwenye ratiba mliyogawiwa mlangoni kuna nafasi ya Mzee kutoa neno kwa niaba ya kampuni. Mzee, nakuona hapo safu ya pili, shikamoo, lakini leo hapa hutasema neno.

Pumzika, mdogo wangu. Kaka yako amechelewa, nisamehe.