Mgeni Ndani ya Mashine ya Mama Chapa

Benchi letu ni ubao wa mlango uliokataliwa na mwenye nyumba, ukalazwa juu ya matofali, ukaegemezwa kwenye ukuta wa duka la Mama Chapa. Mwisho mmoja kuna jiko na birika la Shemeji, muuza kahawa, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu alioa mtaani na mtaa mzima ukajipa undugu. Pembeni yake hukaa Kamanda, aliyelinda ghala la watu mpaka akastaafu, na hadi leo hawezi kuona mlango bila kuuchunguza. Kisha Profesa. Profesa si profesa. Alihudhuria semina ya kompyuta, akapewa cheti, na tangu siku hiyo hajamwuliza mtu swali. Mimi hukaa mwisho mwingine, kwa kuwa chuo kikuu kilinifundisha mengi ila hakikunifundisha kupika kahawa. Mama Chapa mwenyewe hana muda wa kukaa: kutwa yuko dukani anachapa barua za watu, anatoa kopi, anabana vitabu. Ndiyo maana alasiri ile tulishtuka alipotoka amekumbatia kipanya cha kompyuta, waya wake unaburuta chini, akajipenyeza katikati yetu bila hata salamu.

SHEMEJI: Mama, huyo umemuua au umemteka?

MAMA CHAPA: Mshale umetembea.

KAMANDA: Mshale gani?

MAMA CHAPA: Wa kwenye kioo cha kompyuta. Mikono yangu yote miwili iko kwenye stepla, nabana kitabu cha mteja, nikaona mshale unatembea peke yake. Na si kurukaruka kama kipanya kikichoka. Unatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Ukaenda kwenye folda ya barua za wateja, ukafungua moja, ukawa unashuka mstari kwa mstari. Mtu alikuwa anasoma.

SHEMEJI: Ukafanyaje?

MAMA CHAPA: Nikamng'oa huyu. Mshale ukaendelea. Hapo ndipo nikang'oa waya wa umeme.

Kamanda akakipokea kipanya, akakigeuza tumbo juu, akakitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa getini bila kitambulisho. Akakirudisha.

KAMANDA: Huyu hana hatia. Mwizi yuko nyuma ya ukuta. Ana waya mrefu.

MAMA CHAPA: Nyuma ya ukuta ni choo cha kinyozi.

KAMANDA: Ndiyo nikasema. Nani atamshuku mtu anayekawia chooni?

PROFESA: Kamanda, acha mambo ya maghala. Hii ni sayansi. Mashine ikipata joto sana, kumbukumbu zake zinayeyuka, zinaanza kutembea. Mshale ulikuwa unatafuta kivuli.

SHEMEJI: Ukakipata ndani ya barua za watu?

PROFESA: Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyejua methali ile imeingiaje pale, lakini ilisemwa kwa sauti nzito, na kijiweni sauti nzito ni nusu ya ushahidi.

MAMA CHAPA: Nisikilizeni, na nawaomba lisitoke hapa.

Kumwomba mtu wa benchi lile atunze siri ni kama kumwomba kuku akulindie mtama. Alilijua hilo. Aliomba hivyo hivyo.

MAMA CHAPA: Nimeshampigia fundi. Anasema nimeingiliwa. Kuna programu ya kijasusi ndani ya mashine. Mwenye nayo yuko popote, hata nchi nyingine, anaona kioo changu kama mimi ninavyokiona, anasoma ninachochapa, akitaka anashika mshale. Huenda yupo tangu wiki iliyopita. Leo kajisahau tu, kadhani nimetoka.

KAMANDA: Kaingiaje na duka lina kufuli mbili? Nilikuchagulia mwenyewe.

MAMA CHAPA: Nilimfungulia. Ilikuja barua pepe: naomba unichapie wasifu wangu wa kazi, nitaupitia jioni. Nikafungua faili. Likasema halionekani vizuri, bonyeza hapa kuruhusu. Nikabonyeza. Halikuonekana kitu, nikadhani limeharibika. Mwenyewe jioni hakuja. Fundi anasema pale pale nilipobonyeza, lile faili liliita lenzake kutoka huko nje, likajificha, na sasa kila nikiwasha mashine nalo linaamka, linampigia bwana wake kumwambia tupo.

PROFESA: Basi kosa ni lako. Kanuni ya kwanza ya semina: usifungue faili la mtu usiyemjua.

MAMA CHAPA: Profesa, mimi nafungua mafaili ya watu nisiowajua kutwa nzima. Ndiyo kazi. Nikifungua ya ninaowajua tu, nitabaki na ya kwako na ya mume wangu, na nyote wawili hamna jipya la kuandika.

Nilimwongezea Profesa sukari, kwa huruma. Maana ushauri ule nimeusoma kwenye vipeperushi vingi, na sijaona hata kimoja kilichoandikwa na mtu mwenye duka la kuchapa.

SHEMEJI: Lakini mama, mashine si itafutwa, itawekwa programu upya? Hofu ya nini?

MAMA CHAPA: Fundi anakuja kesho kuifuta yote. Hofu yangu si mashine. Kuanzia hapa mpaka stendi kuna maduka mangapi yenye printa? Na bado watu wanayapita yote kuja kwangu. Mtu analeta barua ya kumwacha mume, ya kumshtaki bosi, ya majibu ya hospitali. Nachapa, namkabidhi, nasahau. Printa kila mtu anayo. Mimi ninachouza ni kunyamaza. Sasa watu wakisikia kuna mgeni alikuwa ananyamaza pamoja na mimi, nimebaki na nini?

 Profesa akameza funda la kahawa.

PROFESA: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

SHEMEJI: Profesa, huyo mgeni ndiye ugonjwa.

PROFESA: Subiri. Anaona kioo, si ndiyo? Basi tumwandikie. Tunawasha mashine, tunafungua ukurasa mweupe, tunamweleza kistaarabu kwamba hapa ni kwa mama mtu mzima. Hata mwizi amezaliwa.

KAMANDA: Kistaarabu gani? Andika hivi: Tumekuona. Nyumba imezingirwa. Toka mikono juu.

SHEMEJI: Atatokea wapi, kwenye printa?

KAMANDA: Aliye juu mngoje chini. Nitakaa chini ya meza.

PROFESA: Tuanze na "Kwa heshima na taadhima".

SHEMEJI: Mimi ningemwuliza kama kuna kazi huko aliko. Mtu anayeamka kila siku kusoma barua za mtaa huu ana uvumilivu mkubwa, bila shaka ana bosi.

PROFESA: Bosi wake ni setilaiti. Zinashuka usiku kunyonya maneno. Ndiyo maana asubuhi mtu unasahau neno liko kwenye ulimi.

KAMANDA: Kumbe. Mke wangu amenyonywa sana.

MAMA CHAPA: Fundi kasema mashine isiwashwe.

PROFESA: Fundi ana cheti?

Tulikuwa bado tunabishana kama mwizi aitwe "ndugu" au "mheshimiwa" aliposimama mbele yetu mwanamke kijana mwenye sare ya wafanya usafi, kitambulisho shingoni. Alionekana ametoka zamu sasa hivi.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia kwa pamoja, kwa ukarimu wa watu wanaoficha kitu.

— Mama, nimefuata ile barua yangu ya jana. Ulisema leo utaitoa kwenye karatasi.

Mama Chapa akafumbua mdomo. Benchi likamwahi.

PROFESA: Mashine iko kwenye matengenezo ya kawaida.

KAMANDA: Umeme hakuna.

SHEMEJI: Mama amefiwa.

Yule binti akatutazama mmoja mmoja. Kisha akatazama taa ya duka iliyokuwa ikiwaka vizuri kabisa juu ya mlango, na Mama Chapa, aliyekaa na kipanya mapajani, mzima, wala hakuna aliyekuwa akimpa pole.

Hapo ndipo Mama Chapa angeweza kuchagua mojawapo. Matengenezo yangefaa. Kesho mashine ingekuwa safi, barua ingechapwa upya, na binti asingejua kamwe. Nilimwona akilipima. Nami, niseme kweli, sikujua nataka achague lipi. Nilikuwa nampenda yeye pamoja na duka lake.

MAMA CHAPA: Kaa, mwanangu. Wamekudanganya wote watatu.

Akamweleza. Hakuzunguka. Akamwambia kuhusu faili, kubonyeza, mshale, na mtu wa mbali anayesoma. Binti akasikiliza akiwa bado amesimama, mkono umeshika kitambulisho chake kama mtu anayeficha jina lake.

— Kwa hiyo, akasema, yangu ameisoma?

Lilikuwa swali dogo. Profesa akatazama kikombe. Kamanda akatazama mlango wa kinyozi. Setilaiti zote zikapaa, hakuna hata moja iliyobaki kutusaidia. Mimi mwenye shahada yangu nikagundua kwamba kamba ya kiatu changu inahitaji kufungwa.

MAMA CHAPA: Sijui. Huenda. Aliyofungua leo haikuwa yako, hiyo niliiona. Ila jana, na leo kabla sijauona mshale, sijui alifungua zipi, na sitakudanganya kwamba najua.

 Binti akakaa, si karibu na Mama Chapa. Akakaa ukingoni, karibu yangu.

MAMA CHAPA: Kuna jambo moja la kufanya sasa hivi, la barua tutalizungumza baadaye. Jana ulifungua barua pepe yako kwenye mashine yangu. Neno la siri uliliandika mwenyewe kwa vidole vyako. Fundi anasema kila kilichopigwa kwenye kibodi ile tukihesabu kimeibwa. Toa simu yako, ulibadilishe. Kwa simu, si kwa chochote cha kwangu. Na kama unalitumia neno hilo hilo kwingine, huko nako ubadilishe.

— Ninalitumia kila mahali.

MAMA CHAPA: Kila mtu analitumia kila mahali. Anza.

Akaanza. Nilimsaidia kupata mahali pa kubonyeza, na nikageuza uso alipofika penyewe. Nilipougeuza nikamkuta Kamanda ametoa simu yake naye, ameishika kwa mbali kama kipimajoto.

KAMANDA: Na langu? Wiki hii nilifungua barua pepe yangu hapa, kutuma barua ya kiinua mgongo.

MAMA CHAPA: Na lako.

SHEMEJI: Langu ni jina la mke wangu.

KAMANDA: Hilo hata bila mashine tunalijua.

Profesa akasogea taratibu, sauti imeshuka mpaka kwenye kimo cha binadamu wa kawaida.

PROFESA: Mama. Kuna wasifu wangu mle ndani.

MAMA CHAPA: Huo usiuogope, Profesa. Hata mwizi hatauamini.

Binti akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimtoka kabla hajakiruhusu, lakini kilitosha kumfanya Mama Chapa anyanyue macho.

MAMA CHAPA: Nitawapigia wote. Kila niliyemchapia tangu wiki iliyopita. Nianze leo, kabla hawajasikia kwa mwingine.

SHEMEJI: Watakukimbia.

MAMA CHAPA: Watakaokimbia wana haki. Lakini hawawezi kubadilisha neno wasilojua kwamba limeibwa. Nikinyamaza hapa, siwatunzii siri wao. Namtunzia yule.



Binti akarudisha simu mfukoni. Akawa anaisugua mikono yake, mikono iliyokauka kwa sabuni ya kazini.

— Ile barua lazima ifike kesho asubuhi, akasema. Nikiichelewesha nitaogopa tena.

MAMA CHAPA: Maduka ya pale mbele yako wazi, mwanangu. Sitakasirika.

— Nilipita hapo nikija. Wewe si una mkono? Niandikie kwa mkono.

Mama Chapa akautazama mkono wake wa kulia. Ni miaka mingi unapiga vitufe tu. Kalamu unaishika pale anaposaini.

MAMA CHAPA: Mwandiko wangu mbaya.

— Mimi nitausoma kwanza. Nikiusoma, nao watausoma.

Mama Chapa akaingia dukani, akatoka na karatasi za printa, kalamu na kitabu kigumu cha kuegemea. Akakaa. Kisha akatutazama sisi. Akainua nyusi tu.

Sasa niwaambie jambo ambalo mtaa ule haujaliona kabla wala baada. Tuliinuka. Watu ambao hawajawahi kuliacha benchi mazungumzo yakiwa ndiyo kwanza yananoga, tuliinuka wote. Shemeji akaliacha birika motoni. Kamanda akajichukulia uongozi bila kuombwa, akatuvusha barabara, akatupanga upande wa pili kwenye jua, akasimama mbele yetu akiwapa mgongo wanawake wale wawili, kifua mbele, kama amerudishiwa ghala lake. Kinyozi alipotoka kuja kutafuta kahawa, Kamanda alimwonyesha kiganja, naye kinyozi akarudi alikotoka.

Kwa mbali tukaona midomo ya binti inasema na kalamu ya Mama Chapa inafuata, inasimama, inafuata tena. Mara moja binti alichukua karatasi, akaisoma, akaonyesha kidole mahali, Mama Chapa akakata neno. Mpaka leo sijui barua ile ilisema nini.

PROFESA: Kwa urefu ule wa sentensi, nadhani anaandika kwamba...

KAMANDA: Profesa. Geuka nyuma.

Profesa akageuka.