Bu Ning na Kiti cha Karibu na Mlango

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne ile kiti cha karibu na mlango kilibaki kitupu.

Ni chumba cha mikutano, ghorofa ya tatu, katika hospitali ya hapa kwetu Kedungsari, mjini Semarang. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Mezani viboksi vya vitafunio vilikuwa vimeshapangwa, kimoja mbele ya kila kiti, na jina juu yake. Ndani lemper ya wali na kuku, kipande cha keki, kikombe cha maji. Kiboksi cha karibu na mlango kiliandikwa "Bu Ning".

Ratri alikuwa akiunganisha nyaya za kompyuta. Amefanya kazi na Bu Ning miaka sita. Hakuwa na wasiwasi. Alijua Bu Ning yuko chini, ofisini kwa mkurugenzi, maana alikuwa na miadi naye saa mbili kamili, saa nzima kabla ya mkutano. Kisha katibu wa mkurugenzi akapiga simu kuuliza mbona mgeni hajafika. Ratri hakuwahi kusikia Bu Ning akichelewa. Kabla hajajibu, simu yake mwenyewe ikaita mfukoni. Alikuwa Pak Karyoto, mume wa Bu Ning.

"Ratri," alisema, "mama yako wa kazini leo hatakuja."

Kisha akasema, "Ametutoka, mwanangu."

Alianguka jikoni akimimina maji ya moto kwenye birika la chai. Ni moyo. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Tulimzika alasiri ile ile, mvua ikiwa imekatika.

Wasikilizaji wapendwa, jina lake kamili ni Retnaningsih. Sisi sote tulimwita Bu Ning, yaani Mama Ning. Huenda hukumjua. Lakini kama umewahi kutibiwa katika hospitali ile, na ukafika kwa daktari bila kuzungushwa, basi mkono wake umekugusa.

Kazi yake ilikuwa nini? Ilikuwa hivi. Hospitali ikitengeneza kitu kipya, mashine au programu ya simu, Bu Ning alimwita mgonjwa wa kawaida aje akijaribu. Alikaa pembeni, akanyamaza, akatazama mtu huyo anakwama wapi. Alifanya hivyo kwa watu kumi, kumi na wawili. Kisha akaenda kuwaeleza wakubwa alichokiona. Kutazama, kisha kueleza. Ndiyo kazi yake yote.

Na kueleza ndiko kugumu.

Alizaliwa Ungaran, mtoto wa fundi cherehani. Alipenda kusimulia habari za baba yake. Mteja akija kujaribu shati, mzee hakumuuliza kama linamtosha. Mteja angesema linatosha. Wateja wote husema linatosha, kisha hulipeleka nyumbani na kulifungia kabatini. Mzee alisema neno moja tu: "Inua mikono." Kwapa likibana, alilifumua akashona upya. Hakuna aliyelazimika kumwambia fundi kwamba amekosea.

Lakini Bu Ning alikiri kwamba somo hilo la nyumbani alilisahau alipohitaji kulikumbuka. Miaka minane iliyopita hospitali ilileta mashine ya kutoa namba za foleni. Alialika watu ishirini waijaribu. Aliwakaribisha vizuri, chai ya tangawizi, lemper, kiti chenye mto. Mwisho akawauliza: je, imekuwa rahisi? Wote wakasema rahisi. Akasimama mbele ya wakubwa akaandika kwa herufi kubwa: ishirini kati ya ishirini. Wakampigia makofi.

Mashine ilipowekwa, wiki haikuisha kabla kosa halijaonekana. Mbah Sutinem, bibi wa miaka sabini na mmoja, alibonyeza kitufe kisicho chake, akapata namba ya dirisha la meno. Yeye alikuja kwa ajili ya macho. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane mchana, amekumbatia mkoba wake, bila kumuuliza mtu. Hakutaka kusumbua.

Bu Ning alipopita alimtambua. Alikuwa mmoja wa wale ishirini. Akachuchumaa mbele yake akamuuliza kwa nini siku ile alisema ni rahisi.

"Ulinipa chai, mwanangu," Mbah Sutinem alisema. "Ukanipa na lemper. Sasa ningekuambiaje kitu chako kibaya?"

Wasikilizaji wapendwa, mnatujua tulivyo. Mwenyeji akikuuliza chakula kikoje, hata kama kimeungua, utasema kitamu. Ndivyo tulivyolelewa, na si jambo baya. Ila ukimuuliza mtu wa kwetu swali kama lile, umeshampa na jibu.

Tangu siku hiyo Bu Ning hakumuuliza tena mtu yeyote kama kitu ni rahisi. Chai aliendelea kutoa, lakini baada ya kazi kwisha. Na Ratri alipoajiriwa, somo lake la kwanza lilikuwa hilo. "Usisikilize mdomo," Bu Ning alimwambia. "Mdomo una adabu. Tazama mikono."

Likabaki somo la wakubwa. Huko nako aliumia kwanza ndipo akajifunza. Mara moja alisimama kwenye mkutano akaeleza kila kosa mbele ya watu wote, wakubwa na wadogo. Mkurugenzi, Pak Hadiwinoto, alitabasamu. Akamshukuru sana. Akasema tutalizingatia. Sote hapa tunajua maana ya tabasamu lile na neno lile. Karatasi iliingia kwenye droo na haikutoka.

Baada ya hapo akawa na desturi yake. Siku mbili tatu kabla ya mkutano alimwendea kila mkubwa peke yake, ofisini kwake, mlango umefungwa. Alichukua boksi la bandeng, wale samaki wetu wanaopikwa mpaka mifupa inalainika. Na alichukua simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka pembeni, kama simu za wagonjwa wengi. Hakumwambia mkubwa kwamba kitu chake kina kasoro. Alimwomba tu avue miwani, aone kama wanavyoona wazee, ajaribu mwenyewe. Mkubwa alikwama mahali pale pale walipokwama wagonjwa. Hakuna aliyemwona. Siku ya mkutano alikuwa ameshajua, na mara nyingi amesharekebisha. Bu Ning alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akazungumza dakika kumi, akaacha sifa ziende kwa wengine.

Yudhis, kijana anayeongoza watengenezaji wa programu, alikuwa akimtania kila anapomwona na boksi. "Jamani, leo nani kaharibu?" alikuwa akiita. "Samaki wa huyu mama hana mifupa. Mifupa yote iko kwenye taarifa." Bu Ning alicheka kuliko wote, kisha akamkabidhi boksi yeye.

Sasa tufike kwenye kazi yake ya mwisho.

Hospitali ilikuwa imeamua kwamba tarehe moja Machi madirisha yote ya kujiandikisha yafungwe. Kila mgonjwa ajiandikishe kwa programu ya simu. Mkurugenzi alikuwa ameshawatangazia waandishi wa habari. Bu Ning na Ratri waliwaita wagonjwa kumi na wawili waijaribu. Tisa walikwama. Nasema tena, tisa kati ya kumi na wawili, na wote mahali pamoja. Programu inatuma namba ya siri kwenye simu iliyoandikishwa. Lakini wazee wetu wameandikisha simu za watoto wao. Mzee yuko hapa Semarang, namba ya siri inaingia kwa mwanawe aliye kazini Jakarta au Batam. Mzee anakaa anangoja ujumbe ambao hautafika.

Madirisha yakifungwa, tisa kati ya kumi na wawili watabaki nje ya mlango. Na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu hawawezi kungoja hata siku mbili.

Bu Ning alikuwa ameshawatembelea wakubwa wote. Alibaki mmoja tu, Pak Hadiwinoto mwenyewe. Hakuwa na nafasi mapema zaidi, kwa hiyo miadi yao ilikuwa Jumanne, saa mbili kamili asubuhi.

Mkutano uliahirishwa hadi Alhamisi. Alasiri ile ya mazishi Pak Hadiwinoto alifika msibani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uchochoroni, kati ya majirani, akanywa chai aliyopewa. Pak Karyoto alikuwa kulia kwake, Ratri kushoto. Baada ya muda aliinama kidogo akamuuliza Ratri kwa sauti ya chini.

"Nilimsubiri asubuhi. Alitaka kuniambia nini?"

Ratri ametusimulia mwenyewe jinsi alivyojisikia. Alikuwa msibani. Aliyemuuliza ni mkurugenzi, mtu wa umri wa baba yake, amekuja kwa heshima, amekaa kwenye kiti cha plastiki kilicholowa. Jibu lilikuwa limeshamfika mdomoni: hakuna kubwa, Pak, ni mambo madogo madogo tu. Mtu yeyote wa kwetu angesema hivyo. Na mkurugenzi angeshukuru, akaenda zake, na madirisha yangefungwa.

Pak Karyoto hakugeuka. Alikuwa akitazama kikombe chake.

"Mwambie, mwanangu," alisema. "Usimfanyie alivyofanya Mbah Sutinem kwa ajili ya lemper."

Ratri anasema alitaka kucheka na kulia pamoja.

"Tisa kati ya kumi na wawili wamekwama kwenye programu, Pak," alisema. "Ni wazee."

Pak Hadiwinoto aliweka kikombe chini. Alipoinuka kuaga alimwambia Ratri kwamba miadi ile ya saa mbili bado ipo. Aje kesho, badala ya Bu Ning.

Usiku huo Ratri alipewa daftari la marehemu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache kuhusu miadi ile. Mmoja ulisema: "Ameshatangaza. Asirudi nyuma. Aongeze."

Asubuhi ya Jumatano alikwenda na boksi la bandeng na simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia mkurugenzi avue miwani. Mkurugenzi aliivua mwenyewe. Ratri alimwomba ajaribu kumwandikisha mama mzazi wa mkurugenzi mwenyewe, anayetibiwa kisukari hapo hapo. Alijaribu mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akaangalia meza, kana kwamba ujumbe ungetokea juu yake. Namba ya siri ilikuwa imekwenda Surabaya, kwa mdogo wake.

Ratri alitazama mikono ya mkurugenzi. Ilikuwa imeiweka simu chini, lakini ilikuwa bado inaizungushazungusha.

"Kwa hiyo mama yangu angekuja hapa," alisema Pak Hadiwinoto, "kwenye hospitali ya mwanawe, wakamrudisha."

Hapo tena Ratri angeweza kusema hapana, Pak, wasingemrudisha mama wa mkurugenzi.

"Ndiyo, Pak," alisema. "Wangemrudisha."

Kisha akamsomea mstari ule wa daftari. Maana yake, programu ianze tarehe ile ile iliyotangazwa. Asirudi nyuma. Aongeze tu madirisha mawili ya kuwasaidia wanaokwama. Mkurugenzi aliomba aone mwandiko. Alilishika daftari lile kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu kuliko urefu wa mstari wenyewe.

Alhamisi chumba cha ghorofa ya tatu kilijaa. Viboksi vilipangwa, na cha Bu Ning kilikuwapo pia, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kufuta jina lake kwenye orodha. Ratri alisimama na slaidi zake kumi na moja. Hakuzifikia. Pak Hadiwinoto aliomba aseme kwanza.

"Nimejaribu mwenyewe mara tatu," aliwaambia, "nikashindwa mara tatu. Sasa nani hapa anaona aibu kusema ameshindwa?"

Yudhis aliinua mkono. Akasema mama yake naye, nyumbani, alishindwa wiki iliyopita, na yeye akamwambia hakubonyeza vizuri. Alipomaliza alitazama kile kiboksi cha karibu na mlango, na safari hii hakutania.

Wasikilizaji wapendwa, tunamshukuru Mungu kwa maisha ya Retnaningsih. Tunawapa pole Pak Karyoto na watoto wao wawili, Laksmi na Danang. Tunawapa pole wafanyakazi wote wa hospitali. Tunakupa pole wewe Ratri. Najua unasikiliza.

Nasi tuliobaki tujiulize. Leo ukimpa mtu kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, na akakwambia ni kizuri, usiridhike upesi. Huenda anakuheshimu tu. Mwambie ainue mikono. Na ukiulizwa wewe, na mtu anayetaka kweli kujua, mpe heshima ya kumwambia.

Programu ya simu imeanza tarehe moja Machi. Dirisha la pili na la tatu yako wazi, kuanzia saa moja asubuhi. Na mikutanoni, Ratri sasa anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Ukikwama, njoo dirishani na kadi yako tu.