Mzee Fungueni na King'ora cha Machimbo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Majirani walimwita Mzee Fungueni. Jina hilo alilinunua kwa uchungu.

Banda lake lilikuwa mkabala na machimbo ya mawe. Lilikuwa na kuta tatu za mawe, paa la bati, na upande mmoja wazi. Upande huo ulitazama machimbo.

King'ora cha kuonya kuwa baruti italipuliwa kilipolia mara ya kwanza, aliwaingiza ng'ombe wake watatu, akawafunga kamba fupi kwenye ukuta wa ndani.

"Mawe yakiruka yatakuta paa," alimwambia mkewe. "Hapa wako salama."

Baruti ikalipuka. Aliporudi bandani, wawili walikuwa chini, damu puani. Ngozi haikuwa na hata mkwaruzo. Wa tatu, aliyekuwa na mimba, aliiharibu siku ya pili.

Msimamizi wa machimbo akaja, mikono mfukoni. "Mzee, hao walishtuka tu."

"Mwanangu," akajibu, "mshtuko haujazi mapafu damu."

Maana daktari wa mifugo alikuwa amekwisha kuwapasua, akayaona mapafu. Akasema taratibu, kama anayetoa habari ya msiba: "Baba, si mawe yaliyowaua. Ni hewa. Mlipuko huisukuma hewa kwa nguvu. Iliingia bandani, ikagonga ukuta, ikarudi. Kwa kuwa walikuwa ukutani, wamepigwa mara mbili."

Wasikilizaji wapendwa, aliwafunga kwa mikono yake. Aliwafunga kwa kuwapenda.

Tangu hapo, miaka kumi na mmoja, king'ora kikilia alipita banda kwa banda na magoti yake mabovu. "Fungueni! Fungueni kamba! Wapelekeni nyuma ya kilima!" Wengine walimcheka. "Mzee, leo umechelewa, ng'ombe wangu kashaenda mwenyewe!" Naye alicheka, akaendelea kutembea. Alichoka, lakini alipita.

Juzi tulimzika. Tumerudi kutoka makaburini, hata chai haijapoa, king'ora kikalia. Mjane wake akainuka. Wanawake wakamshika: "Keti, dada, una msiba."

"Msiba mmoja unanitosha," akasema. Akaenda kufungua kamba.

Kwako mama, na kwenu watoto wake, Mwenyezi Mungu awape subira, naye ampumzishe aliyechoka.

Nasi tutafakari. Tunachokipenda, tumekifunga wapi? Na wewe jirani wa machimbo, king'ora kikilia, usingoje kuitwa. Aliyekuwa akiita hayupo.