Asilimia Ishirini Zilizokosekana

Benchi la mtaa wa Majengo, mbele ya kibanda cha kahawa cha Kambale, halijawahi kukosa wataalamu. Siku hiyo walikuwepo Cyprien, aliyeitwa Ingénieur, yaani mhandisi, kwa sababu aliwahi kufungua pasi ya jirani, akaifunga, na skrubu mbili zikabaki. Na Havugimana, katekista, aliyeitwa Monseigneur kana kwamba ni askofu. Katikati yao alikaa Joyeuse, katibu wa shule moja ya Kanyaruchinya, na kompyuta yake ya Linux, ile programu ya bure, iliyochomekwa kwa Kambale tangu saa mbili asubuhi. Sasa ilikuwa saa sita. Shuleni hakuna umeme, na watoto thelathini na wawili walikuwa wakimngoja awapige, kwa kamera ya kompyuta hiyo, picha za kuandikishwa mtihani. Faili za picha zilitakiwa ofisi ya elimu saa tisa. Nayo chaji ya kompyuta imegota kwenye asilimia themanini, haipandi hata moja.

— Batri imezeeka, Ingénieur alisema. Muzee anakula kidogo.

— Iko mupya, papa! Joyeuse akajibu. Fundi aliiweka mwezi jana.

— Basi ni courant. Umeme ya leo iko nyepesi.

— Télévision yangu inawaka muzuri, Kambale alijitetea.

— Ni ile Linux, Monseigneur akaingilia. Walikupatia bure, unataka tena cent pour cent, mia yote? Wanakupa quatre-vingts, themanini tu, ingine ishirini njo sadaka.

— Sadaka ya nani?

— Ya volkano! Ingénieur akadakia. Nyiragongo inavuta courant mu majiwe. Ile vingt, ishirini yako, iko kule chini, inachemsha lave ya moto!

— Bazee, batoto bananingoja nibapige picha!

— Vumilia, Monseigneur alisema. Ikifika cent utaenda bila wasiwasi.

Joyeuse alikuwa amevumilia asubuhi nzima kwa vikombe vinne vya kahawa, na sasa alitamani kumrushia mtu cha tano.

Mama mmoja aliyetoka soko la Kituku, na aliyekuwa akiwasikia, akatua beseni lake la sambaza, vidagaa vya ziwani, apumzike kidogo.

— Mwanangu, hiyo kazi ya picha inakamata masaa ngapi?

— Moja, mama. Ikizidi, mbili.

— Na hiyo quatre-vingts inakaa masaa ngapi?

Joyeuse akachomoa waya, uso ukimwaka kwa aibu, akabonyeza kale kapicha ka betri ambako hakuna aliyekagusa tangu asubuhi. Palikuwa pameandikwa kwa Kifaransa kwamba betri imewekewa kikomo cha themanini isichakae upesi, na kwamba zimebaki saa nne na nusu.

— Njo hiyo nilikuwa naenda kusema, Ingénieur akasema.

Joyeuse alikuwa ameshampigia simu mkuu wa shule.

— Directeur, nakuja sasa hivi! Usiwaachie watoto!

— Wamebaki kumi na tisa, Joyeuse. Wengine njaa imewarudisha nyumbani.

Akaita pikipiki, akapanda bila kumuaga mtu.