Mzee Lukumani na Alama za Kinyonga

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 1958, Mzee Lukumani bin Seleman, fundi mitambo wa karakana ya reli hapa Nachingwea, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Tutakutana saa tisa alasiri mbele ya banda la vichwa vya garimoshi. Wasifu huu umeandikwa na karani wa karakana, kwa kuwa ndiye anayeshika mashine ya chapa, na kwa sababu nyingine itakayoonekana mbele.

Mzee Lukumani alizaliwa Nandagala. Mwaka haujui, ila anakumbuka kwamba wakati wa vita vya Majimaji alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Alipokua yeye na kaka yake, Shaibu, walipata kazi kwenye reli ndogo ya mashamba upande wa Lindi, enzi za Wajerumani. Shaibu alilisha kuni kwenye tanuru, na Lukumani akang'arisha shaba. Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, kichwa chao cha garimoshi kiliachwa porini na ndugu hao wawili wakarudi kushika jembe.

Mwaka 1926 aliajiriwa tena relini, akajifunza ufundi Morogoro na Tabora. Mwaka 1948 alirudi kusini, reli yetu ilipokuwa inajengwa kwa ajili ya mradi wa karanga. Karanga hazikuja kama zilivyotarajiwa. Reli ilibaki, na Mzee Lukumani akabaki nayo.

Hakusoma, lakini hakuna injinia aliyepita hapa bila kumwuliza neno kabla ya kuamua. Husikiliza mashine kwa kijiti cha mpingo: ncha moja huibana kwa meno, nyingine huigusisha kwenye chuma, kisha hufumba macho. Akitikisa kichwa, treni haiondoki. Fundi Tadeo, msaidizi wake, hupenda kusema kwamba siku meno ya Mzee yatakapokwisha na reli itafungwa. Mzee humjibu, "Wewe unayo thelathini na mawili, na husikii kitu."

Mwaka 1955 bomba la maji la treni ya mizigo lilipasuka porini, mahali pasipo na kitu isipokuwa mikorosho. Mzee aliliziba kwa utomvu wa mkorosho na kikoi chake mwenyewe. Treni ilifika Mtwara salama, na yeye akashuka stesheni amejifunga gunia la karanga. Bi Mwanamvua, mke wake, alidai kikoi kipya, na karakana ilikubali.

Kazi yake kubwa zaidi ni Kinyonga. Mwaka 1956 Bwana Injinia, mkuu wa karakana, alisikia kwamba kuna kichwa kidogo cha zamani kimelala katika pori la shamba la mkonge, mti umeota katikati ya kibanda cha dereva. Kililetwa hapa juu ya behewa. Mzee Lukumani alikizunguka mara moja, akakwaruza kutu ya bamba la shaba kwa ukucha, kisha akaketi chini juu ya reli. Kilikuwa kile kile cha ujana wao. Wafanyakazi walikiita Kinyonga kwa sababu kilikuwa na rangi tano za kutu na hakikuwa na haraka ya kwenda popote. Bwana Injinia aliagiza kifufuliwe, na kijengewe njia fupi ya reli nyembamba uani, ili watu waone kilichotangulia kutoa moshi katika nchi hii ya kusini.

Wakati huo Shaibu alikuwa anaishi Chunyu, amepofuka. Alipopelekewa habari alisema neno moja: "Sina haja ya kukiona. Nipigieni filimbi yake niisikie." Mzee Lukumani alimwahidi kwamba sikukuu ya Idi ya mwaka 1957 ataletwa kwa lori hadi Nachingwea, na filimbi italia.

Kukifungua Kinyonga kulichukua miezi mitano. Vipande vyake mia mbili na kumi na vinne vililazwa sakafuni. Boliti za zamani zilichongwa moja moja kwa mkono, kwa hiyo kila moja inaingia katika tundu lake tu. Ukiiweka kwa jirani inakataa. Kwa kuwa hakuandika, Mzee alivichora vyuma kwa udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta ya ufuta. Alichora nembo, zile alama za chale ambazo wazee wetu wa Kimwera wanazo usoni. Panapokutana vipande viwili, vyote viwili vilipata alama moja. "Vyuma ni ukoo," aliwaambia vijana. "Ndugu utamjua kwa uso wake."

Mnamo Machi 1957 ilikuja habari kwamba mkubwa kutoka Dar es Salaam atakagua karakana Jumatatu ya tarehe 18. Mzee Lukumani alikuwa ameomba siku chache kwenda Chunyu kumwona kaka yake, aliyekuwa mgonjwa. Jumamosi ya tarehe 16 karani wa karakana aliingia bandani peke yake.

Karani huyo ni mimi. Nimeuchapa ukurasa huu mara tatu bila kusema hivyo, na mara tatu nimeuchana.

Niliona vyuma vya serikali vimechorwa nyuso za wazee wa vijijini, nikaona haya mbele ya mgeni ambaye hata hajafika. Bibi yangu wa Mkotokuyana ana alama hizo usoni. Nilipokuwa shuleni niliwaambia wenzangu kuwa ni makovu ya ndui. Basi nilichukua debe la mafuta ya taa na matambara, nikafuta alama zote. Nilianza asubuhi, nikamaliza saa kumi. Kisha nikafunga kadi kwenye kila kipande, namba 1 hadi 214, kwa kufuata jinsi vilivyolala sakafuni. Kadi zilikuwa nadhifu na hazikuwa na maana yoyote. Mgeni alisifu usafi wa banda, na Bwana Injinia akanishika mkono.

Mzee Lukumani alirudi Jumanne. Tulipeana mkono mlangoni, akaingia, akasimama. Aliinua kipande kimoja, akakinusa, akaigeuza kadi yangu kana kwamba nyuma yake kungekuwa na kitu zaidi. Akauliza, "Nani kawavua nyuso?"

Fundi Tadeo na wenzake walitazamana, hawakujua. Nilisema kwamba kadi zililetwa kwa ajili ya ukaguzi. Maneno hayo yalikuwa kweli, na nilijificha nyuma yake kwa mwaka mmoja na miezi minane.

"Sawa, mwanangu," akasema Mzee.

Alianza upya. Alijaribu kila boliti katika kila tundu, akapapasa kila ukingo kwa vidole huku amefumba macho. Vijana walianza kunong'ona kwamba Mzee amesahau kazi aliyoifungua mwenyewe. Idi ikapita, Kinyonga bado vipande. Tarehe 20 Mei nilipewa barua ya onyo niichape: uzembe, na kusahau kwa sababu ya uzee. Nilichapa. Nilimsomea. Nilimpaka wino kidole gumba nikakiongoza kwenye karatasi. Nilikiinua haraka mno, alama ya kidole ikachafuka, nikalazimika kuichapa barua upya huku yeye anangoja.

"Ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani?" akaniuliza.

"Imechafuka, Mzee."

"Kumbe na wewe hurudia kazi."

Tarehe 11 Juni Shaibu alifariki Chunyu. Mzee Lukumani alikwenda kuzika, akarudi, akashika spana.

Tarehe 17 Agosti 1957 Kinyonga kiliwashwa moto. Mvuke ulipanda, magurudumu yakazunguka, filimbi ikalia. Sauti yake ni nyembamba na ina mkwaruzo mwishoni, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Tulipiga makofi sote, nami nikapiga. Mzee Lukumani alitembea hadi kwenye tangi la maji akanawa uso, na alinawa kwa muda mrefu.

Mwezi huu Bwana Injinia aliniagiza niandae cheti chake cha utumishi. Kina mstari wa tabia, nao hujazwa kwa kufuata jalada. Katika jalada la miaka thelathini na miwili kuna karatasi mbaya moja tu. Niliandika jina, cheo na miaka. Nilipofika kwenye mstari ule, niliweka kalamu chini.

Jumatatu wiki hii nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa anafunga vyombo vyake vya kazi, Bi Mwanamvua anamkatia vitambaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Bi Mwanamvua hakunikaribisha kiti, wala simlaumu. Mzee aliendelea kuviringisha tupa katika kitambaa hadi akamaliza.

"Mafuta ya taa hayatoki mikononi siku tatu," akasema. "Ulinipa mkono Jumanne ile."

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, ungefukuzwa. Na ni wewe unayetusomea barua za watoto wetu." Akaifunga tupa kwa kamba. "La onyo nimekusamehe. La kaka yangu bado. Usiniulize tena. Likiisha, nitakuita."

Ameniruhusu niyaandike haya, akasema tu nisiongeze chumvi.

Jumanne nilimpelekea Bwana Injinia maelezo yangu kwa maandishi. Aliyasoma mara mbili. Nilikuwa nimekwisha kuweka nguo zangu sandukuni, lakini hakunifukuza. Aliniagiza nitoe barua ya onyo katika jalada la Mzee Lukumani, nikate jina lake, niandike langu, na niiweke katika jalada langu. Nimefanya hivyo. Mstari wa tabia wa Mzee sasa unasema: njema, bila doa. Mwandiko ni wangu na sahihi ni ya Bwana Injinia. Ninaomba vijana walionong'ona wausome pia.

Mzee alinipa kazi moja: kuzirudisha alama. Jana na leo tumeketi bandani, yeye anagusa kiungo na kutaja uso, mimi ninachora katika daftari gumu. Si mwalimu mpole. "Huyo shavu limevimba," husema. "Chora mtu mzima." Fundi Tadeo alisimama nyuma yetu akicheka hadi akaletewa kalamu naye, akaketi kuchora. Alama ya mwisho ilikuwa ya filimbi na bomba lake: mistari mitatu shavuni na nukta moja chini ya jicho. Niliichora kabla hajaitaja, kwa kuwa niliikumbuka tangu siku niliyoifuta.

"Huyu unamfahamu," akasema.

"Ni uso wa bibi yangu, Mzee."

Alilitazama daftari, akaniambia nimepatia. Litakaa katika kabati la banda, na yeyote atakayekifungua Kinyonga baada yetu alisome kwanza. Mafuta ya taa yasikaribie.

Kesho, baada ya hotuba na cheti, Mzee Lukumani atapanda Kinyonga na kuvuta filimbi mwenyewe, uso wake ukielekea Chunyu. Ameomba tusipige makofi.

Kwa niaba ya karakana, tunamshukuru Mzee Lukumani kwa kila treni iliyofika kwa sababu yake, na Bi Mwanamvua kwa kumvumilia yeye na sisi. Tunawatakia huko Nandagala mvua za wakati wake, mikorosho yenye kuzaa, wajukuu wanaosikia wanapoitwa, na asubuhi zisizo na king'ora.

Mzee, nimesikia ulichosema, na sitakuuliza. Siku utakayoniita, nitakuja kwa miguu.

Gaudens Saturnini
Karani wa Karakana, Nachingwea
27 Novemba 1958