Siku Wachangiaji Wote Walipokuwa Kundi B

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Ndalahwa Chenge wa Igoma, aliyefundisha watu kuandika programu za kompyuta. Mwalimu Ndalahwa ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na moja.

Turudi mwaka 1998. Kompyuta hapa Mwanza zilikuwa za kuhesabika. Mwanafunzi wake, Modesta, alikuwa ameiandikia hospitali moja programu ya wachangiaji damu. Alijivunia kweli. Kuipitia tena na mwalimu aliona ni kupoteza muda.

Siku moja, saa tisa alasiri, mama mmoja, Odeta, alijifungua hospitalini hapo, damu ikawa haikatiki. Ilitakiwa damu ya kundi O, haraka. Modesta, aliyekuwa kwenye kompyuta ya hospitali, akabonyeza. Kompyuta ikasema wachangiaji wote arobaini ni kundi B. Wote arobaini! Akabonyeza tena. B.

“Nilitamani ardhi ipasuke inimeze,” anakumbuka Modesta.

Akapiga simu. Mwalimu akaja mbio, boksi kwapani, akaitazama programu. Wasikilizaji, kwenye programu kuna kitu kinaitwa klasi, nacho ni kama fomu tupu. Kila mtu anajaziwa ya kwake. Modesta aliliweka kundi la damu mahali pa pamoja, wakalitumia wote. Kila aliyeandikishwa akawabadilisha wenzake. Wa mwisho alikuwa B, basi wote wakawa B. Ni kosa la wanaoanza, ila siku hiyo kulikuwa na mama kitandani.

“Mwalimu, nimeua mtu,” Modesta akalia.

“Bado. Shika hizi.”

Ndani ya boksi mlikuwa na kadi za karatasi za wachangiaji, zile ambazo Modesta alitaka zichomwe, mwalimu akazihifadhi. Wakazipekua wote wawili. Masele, fundi wa kuchomelea, Igoma: O. Akafuatwa kwa pikipiki, akaja na masizi mikononi. Vipimo vikakubali. Odeta akapona.

Daktari aliuliza kwa hasira nani kaharibu.

“Mimi,” akajibu Mwalimu Ndalahwa. “Mimi ndiye niliyemfundisha.”

Kisha akamkalisha Modesta mbele ya kompyuta. “Tengeneza watu wawili humo kwenye programu, mwanangu. Mbadilishe wa pili. Halafu mwangalie wa kwanza, kama naye hakubadilika.”

Mjane wake, Mama Teodora, anasema hata wiki iliyopita, nesi alipomwekea dripu, mzee alimuuliza: “Na yule wa kitanda cha kwanza, umemwangalia?”

Pole sana, Mama Teodora. Poleni watoto, poleni wanafunzi wake wote. Nasi, wasikilizaji wapendwa, kabla hatujasema kazi imekwisha leo, turudi kidogo tumwangalie wa kwanza.